Kuteua Wimbo wa Pekee na Wimbo wa Kundi kwa Mtihani wa Utendaji

Sehemu ya Fasihi Simulizi: Nyimbo na Uwasilishaji Wake

Shabaha ya somo

Kufikia mwisho wa somo hili, mwanafunzi aweze:
(a) kutofautisha mahitaji ya wimbo wa pekee na ya wimbo wa kundi;
(b) kupima wimbo kwa sauti, ujumbe, muktadha na vifaa kabla ya kuuteua;
(c) kueleza na kutetea uteuzi wake kwa hoja, kwa mdomo na kwa maandishi;
(d) kujibu maswali ya nyimbo katika Karatasi ya Fasihi (102/3) kwa kutumia mifano ya utendaji halisi.

Utangulizi

Somo hili linawahusu watahiniwa wa aina mbili. Wa kwanza ni yule anayefanya Muziki (511) katika KCSE. Mtihani huo una karatasi tatu: ya utendaji, ya kusikiliza na ya nadharia. Wa pili ni yule asiyefanya Muziki, lakini atakutana na nyimbo katika swali la fasihi simulizi. Yule wa kwanza ataimba mbele ya mtahini, na wa pili ataandika juu ya uimbaji. Wote wawili wanahitaji kujua jambo moja: wimbo huwa mzuri kwa mwimbaji fulani, mahali fulani, mbele ya hadhira fulani. Wimbo uliomfaa mwanafunzi wa mwaka jana huenda usikufae wewe.

Mifano mingi tutaitoa Kangeta na maeneo jirani ya Igembe, katika Kaunti ya Meru. Jina la Kangeta linajulikana mbali kwa sababu ya miraa. Kuna hata daraja la miraa linaloitwa kangeta. Mwanafunzi wa huko amewaona watu wakipanga miraa. Matawi yote yametoka katika shamba moja, lakini hayafungwi pamoja ovyo. Kila tawi hutazamwa, hupimwa, kisha huwekwa mahali pake. Uteuzi wa wimbo ni kazi ya namna hiyo, na hufanywa mapema kwa utulivu, si asubuhi ya mtihani.

Kanuni ya somo

Iandike kanuni hii katika daftari lako:

Wimbo wa pekee huteuliwa kwa kuangalia nguvu ya mwimbaji. Wimbo wa kundi huteuliwa kwa kuangalia udhaifu wa kundi.

Unapoimba peke yako, hakuna sauti nyingine ya kukuficha wala ya kukuzuia. Mtahini anakusikia wewe tu. Kwa hivyo, teua wimbo unaoonyesha kile ambacho wewe unakiweza zaidi: pumzi ndefu, matamshi safi, wepesi wa mapigo au uwezo wa kuigiza hisia.

Katika kundi mambo hugeuka. Hata kama wanne wanaimba vizuri sana, mmoja anayepotea katika ubeti wa tatu husikika kuliko wote wanne. Kwa hivyo, wimbo wa kundi haupimwi kwa uwezo wa mwimbaji bora. Hupimwa kwa kuuliza: je, yule anayepata shida zaidi miongoni mwetu anaumudu? Akiumudu yeye, kundi limesalimika.

Watahiniwa wengi hufanya kinyume. Kwa wimbo wa pekee huchukua ule mwepesi kabisa ili wasikosee, na kwa wimbo wa kundi huchukua ule mkubwa wenye kelele nyingi ili wavutie. Matokeo ni kwamba uwezo wao hauonekani katika ule wa kwanza, na udhaifu wao huonekana wazi katika ule wa pili. Wahenga walisema: ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka.

Kabla ya yote: soma maagizo

Baraza la Mitihani la Kitaifa la Kenya hutoa maagizo ya utendaji kwa watahiniwa wa kila mwaka. Mwombe mwalimu wako akusomee maagizo ya mwaka wako, si ya mwaka uliopita. Tafuta majibu ya maswali haya: Je, vipande vipi vimeteuliwa na Baraza, na ni vipi unavyoruhusiwa kujitafutia? Muda ni dakika ngapi? Kundi liwe na watu wangapi? Nakala ngapi za noti au za maneno zitahitajika na mtahini? Ukiwa na majibu hayo ndipo uanze kuteua. Wimbo mzuri ulio nje ya maagizo haukusaidii.

Wimbo wa pekee: mambo matano ya kupima

1. Upana wa sauti

Kila sauti ina noti ya chini kabisa na ya juu kabisa inayoweza kuzitoa bila kukwaruza. Zitafute noti zako ukisaidiwa na kinanda, au na mwalimu anayekuongoza kwa do, re, mi. Kisha tafuta noti ya chini kabisa na ya juu kabisa katika wimbo. Wimbo usifike ukingoni mwa sauti yako. Acha walau noti moja juu na noti moja chini ambazo hutazihitaji. Hiyo ni akiba ya siku ambayo una mafua, hukulala vizuri au una hofu.

Wavulana wa kidato cha nne wawe waangalifu zaidi. Sauti iliyovunjika karibuni haijatulia. Noti uliyoipata mwezi Februari huenda usiipate mwezi Agosti. Jipime tena kila muhula.

Kumbuka pia tofauti hii: kipande kilichoandikwa kwa noti huimbwa kwa ufunguo wake, lakini wimbo wa jadi unaweza kuuanza juu zaidi au chini zaidi. Ukiuanza noti mbili juu kuliko kawaida, kilele chake nacho hupanda noti mbili. Mwimbaji mwenye hofu mara nyingi huanza juu bila kujua, na akifika katika kilele sauti humkatika. Fanya mazoezi ya kuipata noti ya kwanza kabla ya kufungua kinywa, kwa kinanda au filimbi ikiwa umeruhusiwa, au kwa kuivumisha polepole moyoni.

2. Lugha na maana

Imba kwa lugha unayoielewa, au jifunze maana ya kila neno. Asiyejua maana haambiwi maana, na mwimbaji asiyejua maana hawezi kuipitisha kwa hadhira. Akiimba neno la huzuni kwa uso wa furaha, mtahini ataona mara moja. Mwanafunzi wa Kangeta aliyezaliwa akiongea Kimeru ana mtaji hapa: matamshi ya wimbo wa nyumbani yamo kinywani mwake tayari. Ila asidhani kwamba mtaji huo unatosha. Nyimbo za jadi hubeba maneno ya kale ambayo vijana hawayatumii tena. Waulize wazee, kisha uandike maana ya kila mstari kwa Kiswahili.

3. Muktadha na adabu

Wimbo una mahali pake, wakati wake na watu wake. Katika fasihi simulizi tunaainisha nyimbo kwa kuangalia miktadha hiyo: bembelezi kwa watoto wachanga, hodiya kwa kazi, wawe kwa kilimo, kimai kwa shughuli za majini, mbolezi kwa matanga, nyiso kwa jandoni, na nyinginezo. Ukiutoa wimbo mahali pake na kuuleta katika chumba cha mtihani, jiulize kama unaruhusiwa kusafiri.

Nyiso zinahitaji uangalifu mkubwa. Baadhi yake zina maneno ambayo jamii huyahifadhi kwa ajili ya waliopitia jando tu. Kabla ya kuziteua, zungumza na mzazi, mwalimu na mzee anayezijua, na ukubali jibu lao hata likiwa la kukataa. Pia, Kenya ilipiga marufuku ukeketaji kwa sheria ya mwaka 2011. Wimbo unaousifu ukeketaji usiuteue kwa utendaji. Unaweza kuutaja katika insha ya fasihi kama mfano wa jinsi nyimbo hubeba mila ambazo jamii imezihoji na kuziacha. Kuutaja wimbo ili kuueleza ni tofauti na kuuimba ili kuusifu.

4. Urefu na mabadiliko

Wimbo wa jadi mara nyingi hurudia maneno. Urudiaji huo una kazi: huwasaidia waitikiaji, huhifadhi wimbo katika kumbukumbu, husisitiza ujumbe. Lakini ukiimba peke yako hakuna waitikiaji, na urudiaji usiobadilika huchosha. Kwa hivyo, teua wimbo unaokuruhusu kubadilisha kitu katika kila ubeti: sauti ya chini kisha ya juu, polepole kisha haraka, swali kisha jibu.

Mfano mzuri wa ulimwengu mpana ni wimbo Erlkönig, ambao Franz Schubert aliutunga mwaka 1815. Mwimbaji ni mmoja, akisindikizwa na piano, lakini huwakilisha wahusika wanne: msimulizi, baba, mtoto na jini. Kila mmoja hupewa rangi yake ya sauti. Fanani wa Kiafrika hufanya hivyohivyo anaposimulia ngano yenye wimbo ndani yake. Ukiwa na kipaji cha kuigiza, tafuta wimbo wenye zaidi ya sauti moja ndani yake.

5. Ala na mwalimu

Wengine huchagua kupiga ala badala ya kuimba. Ala huvutia macho, na hapo ndipo mtego ulipo. Nyatiti ya Waluo ina nyuzi nane. Mpigaji hukaa chini, hupiga nyuzi kwa vidole, hugonga fremu kwa pete ya chuma iliyo katika kidole cha mguu, na huimba wakati huohuo. Hayo yote hujifunzwa kwa muda mrefu chini ya fundi. Ikiwa katika eneo lako hakuna fundi wa nyatiti, na ala yenyewe itaazimwa wiki mbili kabla ya mtihani, usiichague. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Sheria ni hii: ala uliyo nayo kila siku ni bora kuliko ala nzuri zaidi utakayoipata siku moja. Rekoda ya shule unayoweza kuipiga kila jioni itakuletea alama ambazo nyatiti ya kuazima haitakuletea.

Funzo kutoka kwa wimbo wa taifa

Kuna watahiniwa wanaodhani kwamba wimbo mdogo ni wimbo dhaifu. Fikiria wimbo wa taifa la Kenya. Mahadhi yake yalitokana na bembelezi ya Wapokomo, jamii inayoishi kandokando ya Mto Tana. Kenya ilipokaribia uhuru mwaka 1963, tume ya wanamuziki watano ilipewa kazi ya kuandaa wimbo wa taifa. Wanamuziki hao walikuwa Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Walichukua mahadhi ambayo mama alimwimbia mtoto wake, wakayapa maneno mapya na kuyapanga ili yaimbwe na umati.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, wimbo wa mama mmoja na mtoto mmoja unaweza kubeba uzito wa nchi nzima. Bembelezi uliyoimbiwa na nyanya yako haina upungufu wowote wa heshima. Pili, wimbo huo haukuhamishwa ulivyo kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa kundi. Ulipangwa upya. Mama huimba kwa sauti ya chini, hupunguza mwendo mtoto anaposinzia, na anaweza kukatiza popote. Umati hauwezi kufanya hivyo. Unahitaji mwendo thabiti na mahali pamoja pa kuvuta pumzi. Mahadhi ni yaleyale, lakini mahitaji ni tofauti. Basi usichukue wimbo wako wa pekee ukawagawia wenzako wanne na kuuita wimbo wa kundi.

Wimbo wa kundi: mambo manne ya kupima

1. Idadi na aina ya sauti

Hesabu watu kabla ya kuhesabu nyimbo. Kundi la watu watano lisichukue kipande kilichotungiwa kwaya kubwa. Kwaya nyingi za Kenya hupenda kuimba Hallelujah kutoka Messiah, kazi ambayo George Frideric Handel aliitunga mwaka 1741. Ni kipande cha sauti nne zinazofuatana, kupishana na kukutana. Katika kwaya ya watu hamsini, mmoja akipoteza njia wengine humbeba. Katika kundi dogo, mmoja akiipoteza njia, sauti nzima imetoweka.

Kundi dogo hufaidika na wimbo wa mwito na mwitikio. Kiongozi huanzisha, wengine huitikia. Mwitikio mfupi ulio sahihi, unaoanza pamoja na kukoma pamoja, una thamani kuliko sauti nne zinazotafutana.

2. Kusikilizana

Hiki ndicho kiini cha utendaji wa kundi. Mtahini haangalii tu kama kila mmoja anajua sehemu yake. Anaangalia kama mnasikilizana: je, mnapunguza sauti ili kiongozi asikike? Je, mnabadilisha mwendo pamoja? Teua wimbo unaowapa nafasi ya kuonyesha hilo. Wimbo ambao wote wanapiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho hauwapi nafasi hiyo.

Wapiga ngoma wa Chuka, katika Kaunti jirani ya Tharaka Nithi, ni kielelezo kizuri. Hushikilia ngoma ndefu katikati ya miguu na kucheza huku wakipiga. Mwili na mdundo ni kitu kimoja. Watazamaji huvutiwa na nguvu zao, lakini mwanafunzi na atazame zaidi jinsi wanavyobadilisha mapigo kwa pamoja. Vilevile isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, hutumia ngoma tatu za ukubwa tofauti. Kila ngoma ina kazi yake. Ukiiondoa moja, mdundo hubaki na pengo. Ukitaka kuichukua isukuti ukiwa Kangeta, jiulize: tunazo ngoma zote? Tunaye wa kutufundisha? Au tutaipiga ngoma moja na kuiita isukuti?

3. Maleba, miondoko na vifaa

Maleba yasaidie wimbo, yasiugharimu. Orodhesha kila kifaa, andika kitatoka wapi na nani atakileta. Kifaa ambacho hakina jina la mtu mbele yake hakitafika. Njuga za kuazima zijaribiwe mapema, kwa sababu mwendo wa miguu hubadilika unapozivaa. Ikiwa mnacheza huku mnaimba, fanyeni mazoezi yote mawili pamoja tangu wiki ya kwanza. Pumzi inayotosha mtu aliyesimama haimtoshi anayeruka.

4. Mbadala

Hili halisemwi mara nyingi, ilhali ndilo huwaumiza watahiniwa. Katika shule nyingi, mwanafunzi anaweza kurudishwa nyumbani kutafuta karo wiki ileile ya mazoezi ya mwisho. Mwingine huugua. Mwingine hupoteza sauti. Ikiwa wimbo wenu unamtegemea mtu mmoja asiye na mbadala, mmeweka alama za wote katika mfuko wa mmoja. Teueni wimbo ambao angalau wawili wanaweza kuuongoza. Kila mmoja ajue sehemu yake na sehemu ya jirani yake. Mkikosa kabisa kiongozi wa pili, badilisheni wimbo mapema.

Mfano wa uteuzi

Tuchukulie kwamba shule moja ya kutwa karibu na Kangeta ina watahiniwa watano wa Muziki: wasichana watatu na wavulana wawili. Shule ina kinanda kimoja, rekoda nne na ngoma moja. Tutawaita A, B, C, D na E.

A ni msichana mwenye sauti nyembamba lakini safi na matamshi bora. Alitaka kuimba kipande kikubwa cha kilele kirefu alichokisikia katika tamasha la muziki. Alipojipima, kilele kilikuwa ukingoni mwa sauti yake. Bembelezi ya Kimeru aliyofundishwa na nyanyake ilikuwa na upana mdogo, na kila ubeti ulimruhusu kubadilisha hisia: kubembeleza, kuahidi, kutishia kwa mzaha, kunong'ona. Uteuzi sahihi kwake ni bembelezi. Nguvu yake ni matamshi na hisia, na wimbo huo unayaonyesha yote mawili.

B ni mvulana ambaye sauti yake ilivunjika mwaka uliopita. Anapenda kuimba, lakini noti zake za katikati bado zinayumba. Amepiga rekoda tangu kidato cha kwanza. Achague rekoda. Kuipenda sauti yako si sababu ya kuipeleka mtihani kabla haijatulia.

C anataka kuimba wimbo wa Kiluo kwa sababu una mapigo ya kuvutia. Hajui Kiluo. Ana njia mbili: amtafute mwalimu anayejua lugha hiyo, ajifunze matamshi na maana ya kila mstari, au abadilishe wimbo. Uteuzi wake utategemea kama mwalimu huyo yupo. Akimpata mwezi Februari, aendelee. Akiwa bado anamtafuta mwezi Mei, abadilishe.

D na E wanaimba vizuri, lakini D husahau maneno akiona watu. Kwa wimbo wa pekee, D ateue wimbo mfupi wenye mfuatano wa matukio, kwa kuwa kisa hukumbukwa kwa urahisi kuliko sifa zisizo na mpangilio.

Sasa kundi. Wote watano walitamani igizo la arusi lenye ngoma, njuga, nyimbo tatu na maleba ya kukodi. Tukitumia kanuni yetu, tunaanza kwa udhaifu: D husahau maneno, B sauti yake inayumba, ngoma ni moja, na pesa za kukodi maleba hazipo. Wimbo unaowafaa ni hodiya ya mwito na mwitikio, wenye mwitikio mfupi ambao D hawezi kuusahau. B apige ngoma na kuitikia katika noti za chini anazozimudu. A aongoze, na E awe mbadala wake. Mavazi yawe ya kazi, ambayo kila mmoja anayo nyumbani, na jembe si lazima likodiwe. Miondoko ya kulima ndiyo iliyozaa mapigo ya wimbo wenyewe, kwa hivyo maleba, miondoko na mapigo vitakubaliana.

Tazama kwamba hatukusema hodiya ni bora kuliko wimbo wa arusi. Tulisema inawafaa hawa watano, kwa vifaa hivi. Mwaka ujao kukiwa na watahiniwa kumi na ngoma tatu, jibu linaweza kuwa tofauti.

Ratiba fupi

Muhula wa kwanza: soma maagizo, pima sauti, kusanya nyimbo tano, zipunguze hadi mbili. Jirekodi kwa simu ya mzazi au mwalimu, kisha usikilize ukiwa umefunga macho. Teua moja kabla ya kufunga shule.

Muhula wa pili: jifunze wimbo wote kwa moyo, ukiwa na maleba na vifaa. Imba mbele ya watu wasiokujua vizuri, kwa mfano kidato cha kwanza au kanisani. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo lilianza mwaka 1927, huwapa wanafunzi nafasi ya kuimba mbele ya waamuzi kabla ya mtihani. Soma maoni ya waamuzi hata kama hamkushinda.

Kabla ya mtihani: usibadilishe wimbo. Rekebisha mwanzo, mwisho na mahali pa kuvuta pumzi tu. Lala mapema.

Jinsi ya kujibu swali la fasihi

Swali: Eleza mambo manne ambayo fanani huzingatia anapoteua wimbo wa kuwasilisha. (alama 8)

Jibu dhaifu: Huzingatia sauti. Huzingatia hadhira. Huzingatia mavazi. Huzingatia wakati.

Jibu hili limetaja tu, na swali limesema eleza. Kila hoja ina alama mbili: moja ya kutaja na moja ya maelezo.

Jibu bora:
(i) Muktadha. Kila wimbo una hafla yake; mbolezi haiimbwi arusini kwa kuwa hisia zake hukinzana na shughuli.
(ii) Hadhira. Baadhi ya nyimbo, kama vile nyiso, zina maneno yaliyokusudiwa kundi maalumu, hivyo fanani huangalia nani yupo.
(iii) Idadi ya waimbaji. Wimbo wa mwito na mwitikio huhitaji waitikiaji. Fanani akiwa peke yake huteua wimbo usiotegemea kiitikio.
(iv) Ala na maleba yaliyopo. Wimbo unaotegemea mdundo wa ngoma hupoteza mvuto usipokuwa na ngoma hiyo.

Tanbihi: usiandike hoja moja kwa maneno mawili tofauti. "Hadhira" na "wasikilizaji" ni hoja moja na hutuzwa mara moja.

Maswali ya marudio

1. "Wimbo wa kundi huteuliwa kwa kuangalia udhaifu wa kundi." Thibitisha kauli hii kwa hoja tatu. (alama 6)
2. Linganisha na ulinganue bembelezi na hodiya kwa kuzingatia muktadha, mwendo na washiriki. (alama 6)
3. Ukitumia mfano wa wimbo wa taifa la Kenya, eleza jinsi wimbo wa fasihi simulizi hubadilika unapohamishwa kutoka muktadha mmoja hadi mwingine. (alama 4)
4. Mwenzako ameteua kupiga ala ambayo haipatikani shuleni mwenu. Mshauri kwa hoja mbili. (alama 4)
5. Kazi ya mradi: Mtembelee mzee mmoja katika kijiji chako. Mwombe akufundishe wimbo mmoja wa jadi. Andika muktadha wake, waimbaji wake, maana ya maneno magumu na kama unaruhusiwa kuimbwa nje ya hafla yake. Kisha amua: ungeuteua kama wimbo wa pekee, wimbo wa kundi, au usingeuteua? Toa sababu tatu.